Mama Chapuchapu, Aliyepumzishwa Miezi Kumi na Moja

Jina lake kamili mmeliona kwenye jalada. Mtaani aliitwa Mama Chapuchapu, na aliitika. Mimi ni mume wake. Sikusoma. Maneno haya nimeyasema mimi, na kitinda mimba wetu, mshonaji, ameyaandika kama nilivyoyasema. Anayewasomea ni kifungua mimba wetu, fundi wa lifti. Katika familia yetu mtoto wa kwanza ndiye anayesoma wasifu wa mzazi, na karatasi anapewa akiwa amekwisha kusimama. Baba yangu alipokufa nilipewa mimi. Nilisimama nayo mpaka mdogo wangu akaja kuisoma.

Kwa hiyo kijana hajaiona karatasi hii kabla ya dakika hii. Ninyi mnayo mikononi. Mfuateni kwa kidole.

Mwanangu, usiruke mstari. Sababu utaikuta mbele.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Februari 1951, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mchoma matofali. Mama yake alifua nguo za watu. Alisimama na kutembea akiwa na miezi tisa. Mama mkwe alinisimulia jambo hili kila nilipokwenda kumsalimia. "Huyu mwenzio hakutambaa," alisema. "Aliona kutambaa kunamchelewesha."

Alianza shule mwaka 1959. Shule ilikuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa saa nzima kwa watoto wengine. Yeye alikuwa wa mwisho kutoka nyumbani na wa kwanza kukaa kwenye dawati. Jina la Chapuchapu lilianzia huko. Alisoma mpaka darasa la sita, mwaka 1964. Mama yake aliumwa, akaacha shule akashika beseni.

Madarasa sita yale ndiyo yaliyonisomea mimi maisha yangu yote. Barua, mabango, maandishi ya kwenye chupa za dawa, kila kitu alinisomea yeye. Hakuwahi kuruka neno. Mdogo wangu aliwahi kuniandikia barua ya kumtukana yeye huyuhuyu. Aliisoma yote, na tusi lenyewe, kwa sauti ileile. Kisha akasema, "Mwisho wa barua." Akaikunja akanipa.

Mwanangu, hapo pumua kidogo. Endelea.

Jumatatu ya tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kuu. Alifanya kazi humo miaka thelathini na tisa, mpaka tarehe 30 Juni 2011. Chumba kile hakikuwa na dirisha upande wa jua. Sakafu ilikuwa na maji mchana kutwa. Mashuka ya wodi nane yaliingia kwa mlango mmoja, machafu, yakatoka kwa mlango wa pili yamekunjwa. Shuka likiloa lina uzito wa mtoto wa miaka miwili. Aliyanyanyua hayo kutwa, na alikuwa anaimba. Mtu mwenye kazi kama ile hahitaji kuambiwa habari za mazoezi.

Mimi nilikuwa mchochea boila chumba cha pili. Siku moja mwaka 1973 mwenzake wa kukunja naye hakuja. Shuka la wodi halikunjwi na mtu mmoja. Unahitaji mtu wa kushika pembe za upande wa pili, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Akachungulia mlango wa boila.

"Wewe wa moshi, una mikono?"

"Ninayo."

"Kaioshe uje."

Tulikunja mashuka mia na arobaini siku ile. Kila shuka unakutana na mtu uso kwa uso mara tatu. Mtu utamkimbia wapi? Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1974. Mwezi wa nane mwaka huu tungetimiza miaka hamsini. Tulijaliwa watoto wawili, huyu anayesoma na yule aliyeandika. Tuliishi vyumba viwili vya ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, ngazi zenye vidato hamsini na sita. Ninavyo mguuni, sihitaji kuhesabu.

Alipostaafu alikaa. Hilo lazima niliseme. Miaka miwili alikaa, na mimi nikafurahi, nikasema sasa tumezeeka vizuri. Akanenepa. Goti la kulia likaanza kumsumbua. Akawa anashuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Presha ikapanda. Usingizi ukakata. Mtu aliyekuwa anaimba na shuka la maji mabegani akawa anasimama kidato cha thelathini anatweta, ananiambia tangulia.

Mwezi wa kumi mwaka 2013 alikutana zahanati na nesi mstaafu. Ninyi mnamjua, tunamwita Sista Filimbi. Yupo hapa, na filimbi yake shingoni. Wakati ule alikuwa anakusanya wazee kwenye lango la uwanja wa mpira, saa kumi na mbili asubuhi, siku tano kwa wiki. Walikuwa wanne tu. Alimtazama mke wangu anavyoinuka kwenye benchi.

"Mama, mbona unajisukuma kwa mikono?"

"Uzee, sista."

"Uzee uko wapi hapo? Hayo ni mapaja yamelala. Kesho njoo tuyaamshe."

Siku ya kwanza alifika nguzo ya pili ya umeme, akakaa ukingoni mwa barabara. Sista Filimbi hakumcheka. Alimwambia wiki ijayo ni nguzo ya tatu. Ikawa hivyo, kila wiki nguzo moja. Ilipofika mwisho wa mwaka uliofuata alikuwa anakwenda nguzo arobaini na kurudi, bila kukaa, na anazungumza njia nzima. Sista aliwaambia mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mke wangu akamjibu kwamba yeye anaimba kwa hali yoyote.

Kutembea hakukuwa kazi yote. Walikaa kwenye viti vya kukopa kanisani wakainuka bila kushika popote, mara kumi, wakapumzika, mara kumi tena. Walinyanyua chupa za maji zilizojazwa mchanga. Walisimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Walitembea kisigino mbele ya vidole, kama wanapima chumba. Watu wa mtaani waliwaita Jeshi la Mabibi. Konda mmoja aliwapigia kelele, "Mabibi, mnakwenda vita gani?" Muuza nyama mstaafu, mwanamume pekee wakati ule, akamjibu, "Vita vya magoti. Na wewe tunakusubiri."

Nyumbani alipiga mswaki kwa mguu mmoja. Asubuhi kulia, jioni kushoto. Mimi nilimwita korongo.

"Cheka," alisema, na povu mdomoni. "Siku ukiteleza humu bafuni nitakuokota."

Mwaka 2019 niliteleza bafuni. Nilikuwa na sabuni mwili mzima. Aliniingiza mikono makwapani akaninyanyua, yeye ana miaka sitini na minane. Akaniketisha kwenye ndoo. "Umeona?" akasema. Akanipa taulo.

Presha ilishuka. Daktari wa zahanati mwenyewe alimpunguzia vidonge, viwili vikawa kimoja. Goti halikupona kabisa lakini lilinyamaza. Ngazi alizipanda na kapu mkononi. Usiku alilala mimi nikiwa bado nazungumza naye. Na alirudi kuimba. Miaka tisa na nusu ilikuwa hivyo. Alikuwa na wenzake kumi na watano, na siku aliyokosa walimfuata mlangoni. Nafikiri hilo nalo lilikuwa dawa. Mzee anayefuatwa mlangoni hazeeki haraka.

Kifungua mimba wetu hakupenda. Kazi yake ni kuhakikisha watu hawapandi ngazi, basi labda imemwingia. Alikuja Jumapili akamwambia, "Mama, umri huo ni wa kukimbiakimbia?" Mama yake akamwambia, "Mimi natembea, mwanangu. Anayekimbia ni presha." Tukacheka wote. Na wewe ulicheka. Soma: na mimi nilicheka.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa wake. Hapa msome polepole.

Marehemu hakuwa na ugonjwa. Jumatano, tarehe 12 Aprili 2023, alikwenda nyumbani kwa kifungua mimba wetu kuwaona wajukuu. Sebule ina vigae vyeupe. Vilikuwa vimepigwa deki muda uleule. Mwanawe alikuwa ameketi. Akasema, "Mama, niletee maji." Mama akaenda jikoni akaja na glasi. Aliteleza katikati ya sebule akaanguka ubavu. Glasi haikuvunjika. Alikuwa ameiinua juu.

Nimesikia watu humu mkisema alianguka kwenye mazoezi. Sijui nani aliwaambia. Alianguka akimpelekea maji mtu aliyeketi.

Hospitali walimpiga picha ya mifupa. Mimi nilikaa naye kwenye benchi. Daktari wa mifupa alimwita kijana pembeni, kwa sababu ndiye aliyeonekana msomi, wakazungumza kwenye korido, akampa karatasi. Kijana akarudi kwetu.

"Daktari amesema apumzike."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Baba, amesema apumzike."

Mama yake akanyoosha mkono. "Karatasi iko wapi nisome?"

"Nimekwisha kuiweka kwenye gari, mama. Usijisumbue."

Yeye alikuwa na maumivu, hakugombana. Mimi sisomi. Nilimwamini mwanangu kama nilivyomwamini mama yake miaka arobaini na minane. Kijana akasema ngazi zetu zitamuua, atamchukua kwake, nyumba ya chini. Nilipanda vidato hamsini na sita nikafunga nguo zake kwenye mfuko nikashuka nao. Mfuko niliubeba mimi. Liandikwe na hilo. Sijisafishi.

Kiti kilinunuliwa wiki ile. Ni kiti kikubwa cha kahawia, kina mkono pembeni, ukiuvuta miguu inapanda na mgongo unalala. Mkwe wangu alimpangia mito. Wote walimhudumia, siwezi kusema uongo. Maji aliletewa. Chakula aliletewa. Akitaka kuinuka watu wawili walimkimbilia, "Mama kaa, mama kaa, tuambie unataka nini." Alichotaka ni kuinuka. Wiki ya nne alishika shuka la mtoto alikunje, likatolewa mkononi mwake kwa upole. Raba zake ziliwekwa juu ya kabati. Alikuwa anaziona kutoka pale alipoketi.

Wenzake walikuja kumwona mwezi wa pili wa kukaa kwake. Walikuja wote, na filimbi. Kijana aliwazuia getini.

"Bibi zangu, mgonjwa anahitaji utulivu."

"Anaumwa nini?" Sista Filimbi akamuuliza.

"Alianguka kwa ajili yenu."

"Mfupa umevunjika?"

"Sista, tafadhali."

"Mimi nimeuguza miaka thelathini na minne, mwanangu. Nakuuliza tena. Mfupa umevunjika?"

Akafunga geti. Nilikuwa ndani, nilisikia. Toka siku ile, kila Ijumaa asubuhi walipita barabarani nje ya ukuta na Sista akapiga filimbi mara tatu. Mke wangu kwenye kiti aliinua mkono. Hawakuuona lakini aliinua. Mwezi wake wa sita kwenye kiti mkono uliishia usawa wa bega. Mwezi wa tisa aliinua kidole.

Mimi nilikwenda kumwona kila siku kwa miguu, nguzo thelathini na sita. Sikuwahi kwenda mazoezi hata siku moja. Miaka yote ile nilikuwa nimelala nikisikia filimbi. Sasa nikawa natembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kwa sababu mke wangu hakuwepo nyumbani. Akaniuliza kila nilipofika, "Umepita wapi leo?" Nikamwambia. Kwa fundi viatu, kwenye shule, pale panapouzwa mbao. "Ule ukuta wa shule wameupaka?" Wameupaka. "Rangi gani?" Nikawa natazama vitu ili nikamwambie.

Mwezi wa Novemba daktari wa zahanati alinipima. Presha yangu ilikuwa imeshuka mpaka akapima mara mbili. Ya mke wangu ilikuwa imepanda, vidonge vimerudi viwili, kisha vitatu. Miguu yake ilivimba. Mapaja yaliisha, nilikuwa naona kiti kinazidi kuwa kikubwa. Aliingia kwenye kiti kile na kilo sitini na nne. Alitoka na arobaini na sita. Mimi, mvivu wa familia, nilikuwa napata nguvu kwa kwenda kumtazama yeye akizipoteza. Hilo siwezi kumsamehe mtu, na mimi nimo.

Mwezi wa Februari mwaka huu nilimpelekea shuka letu kutoka nyumbani. Nilikuwa nimelificha kwenye koti. Watu wote walikuwa wamekwenda kazini. Nikampa pembe mbili, nikashika pembe mbili, nikavuta kidogo sana. Nikamfuata mimi, maana yeye hakuweza kuja. Mara ya kwanza tulikutana. Mara ya pili shuka lilimponyoka.

"Mikono imesahau," alisema.

"Itakumbuka."

Alilitazama shuka pale chini. Kisha akasema, "Usije ukamsema mtoto. Aliogopa."

Sikumjibu. Kwa hiyo leo sijavunja ahadi yoyote.

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiti. Alishika kifua, akasema hawezi kupumua, basi. Mimi nilikuwa nguzo ya thelathini. Nilifika nikiwa na habari ya kumwambia kwamba mti wa pale kwenye mbao umekatwa. Hospitali walituambia damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Daktari alituuliza, "Alikuwa anatembea?"

Kijana akasema hapana.

"Kwa nini?"

"Daktari alisema apumzike."

"Daktari gani?"

Jumamosi, tarehe 16 Machi, kitinda mimba wetu alikuwa anatafuta kitambulisho cha mama yake ili tupate cheti cha kifo. Alifungua droo ya kabati iliyo karibu na kiti. Akakuta karatasi ya dhamana ya kiti. Chini yake akakuta karatasi ya daktari wa mifupa. Alinisomea palepale, amesimama. Ina mistari mitatu. Mwanangu, isome kama ilivyo. Hii ndiyo sababu niliyokuambia.

Mfupa haujavunjika, mifupa ina nguvu kwa umri wake.

Apumzike siku kumi na nne.

Baada ya hapo arudie kutembea na mazoezi yake kidogo kidogo, asikalishwe.

Asante. Ungeisoma hivyo siku ile, mama yako angekuwa amekaa mstari wa mbele leo kwenye mazishi ya mtu mwingine. Pengine yangu. Hayo ndiyo tuliyokuwa tumepanga.

Nilikuuliza Jumapili, tukiwa wawili. Sitaki wasiokuwepo wadhani nimekuvizia.

"Karatasi uliiona?"

"Niliiona, baba."

"Uliisoma yote?"

"Niliogopa. Nilimwona pale chini kwenye vigae. Nikajua akitoka tena ataanguka, na safari ijayo hatainuka."

"Ukaificha."

"Sikuificha. Niliiweka kwenye droo."

"Ili aione nani? Mimi nisiyesoma, au yeye usiyemruhusu kuinuka?"

Ulilia. Ukadhani yamekwisha. Jioni ileile ukaniambia, na mkwe wangu alikuwepo, "Baba, baada ya mazishi unahamia kwetu. Ngazi zile hazikufai. Chumba kipo, kiti kipo."

Nilisema sawa, tutazungumza kwenye mazishi. Sasa tunazungumza.

Kiti kile kipo hapa. Fundi viatu amekileta asubuhi kwa mkokoteni, mlipokwenda kuuchukua mwili, na muuza nyama alisukuma. Mmekiona mbele chini ya turubai, na bila shaka wapo walionishika mkono wanikalishe, wakidhani kimewekwa kwa ajili ya mzee mfiwa. Mimi nimesimama, mnaniona. Kiti ni cha msomaji.

Mwanangu, mliandaa vijana sita wa kazini kwako wabebe jeneza, na glavu nyeupe. Nawashukuru, wamependeza, waweke mikono mfukoni. Mama Chapuchapu atabebwa na wenzake wa asubuhi. Mbele ni Sista Filimbi, miaka sabini na sita, na muuza nyama, sabini na tisa. Katikati ni fundi viatu na mwalimu wa hesabu mstaafu. Nyuma ni pacha wawili wa duka la vitambaa, wenye miaka sitini na minane, ndio wadogo. Wamefanya mazoezi ya kubeba tangu Jumatatu, kwa meza ya kanisa iliyowekwa mifuko ya mchanga. Kutoka hapa mpaka kaburini ni hatua sitini na mbili, na njia inapanda. Nimewauliza kama wataweza. Sista Filimbi aliniuliza kama mimi nitaweza kuwafuata.

Wewe hutabeba. Hutashika kamba. Hutatangulia wala hutafuata. Utakaa kwenye kiti, utavuta ule mkono wa pembeni miguu ipande, utatazama wazee wanambeba mama yako. Mtu akikuletea maji, kunywa. Ukitaka kuinuka, watu watakuambia kaa. Nimewaomba wafanye hivyo, kwa upole, kama mlivyofanya ninyi. Itachukua dakika kumi na tano hivi. Yeye alikaa miezi kumi na moja.

Na mimi sihamii. Vidato vyangu ni hamsini na sita na nitavipanda leo nikitoka hapa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwenye lango la uwanja, nimevaa raba. Waliochelewa kama mimi wanapokelewa, Sista amesema. Kama una miaka sitini au themanini na umekaa kwenye benchi hapa ukijisukuma kwa mikono kuinuka, njoo ufike nguzo ya pili. Muulize kwanza daktari wako. Akikupa karatasi, isome mwenyewe, yote. Kama hujui kusoma kama mimi, wape watu wawili tofauti wakusomee.

Marehemu ameacha mume. Ameacha binti, mshonaji, aliyesoma karatasi yote. Ameacha mkwe mmoja na wajukuu watatu, ambao aliwafundisha kusimama kwa mguu mmoja kabla hajakatazwa. Ameacha dada mmoja na kaka wawili. Ameacha wenzake kumi na watano wa lango la uwanja. Ameacha na mtoto wa kwanza, aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, akamfundisha kutembea kwa kumshika vidole kwenye korido ya ghorofa ya nne, kwenda na kurudi, mgongo umeinama, mpaka alipoweza. Nimemweka mwisho. Nimemweka, lakini.

Chini ya picha yake, mtu wa duka la kuchapa alikuwa amekwisha kuweka yale maneno ya siku zote, ya kumwombea marehemu mapumziko. Nilimwambia binti akayatoe. Mke wangu alipumzishwa vya kutosha.

Mungu ampe barabara ndefu yenye kivuli, na nguzo zisizokwisha, na mtu wa kushika pembe za pili mpaka nifike. Atembee kwa amani.

Umemaliza kusoma, mwanangu. Keti.